Maharagwe ya Mama Kahiga na Sufuria Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na mitatu Wanjira, ambaye mtaa mzima wa Kitengela ulimwita Mama Kahiga, alijipatia riziki kutokana na jambo moja la fizikia ambalo hakuna aliyewahi kumweleza: kwamba hapa kwetu maji yanayochemka hayana moto wa kutosha. Yanatoa mvuke, yanarukaruka, yanapiga kelele na kifuniko, lakini maharagwe yaliyo ndani yanabaki yakitazamana. Masaa matatu, masaa manne, siku nyingine matano. Mwanamke anayetoka kiwandani jioni, mwenye jiko moja la makaa na watoto wanaosinzia mezani, hana masaa manne. Kwa hivyo anachukua bakuli na kwenda kwa Mama Kahiga, anapimiwa vikombe viwili vya maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, anarudi nyumbani kuyakaanga na kitunguu, na mumewe anasifu mapishi.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimeegemea ukuta wa ploti ya vyumba vya kupanga ya Mzee Kuntai. Ndani mlikuwa na sufuria tatu kubwa juu ya mawe, tanki dogo la plastiki lililokinga maji ya mvua kutoka paani, na mkebe wa maziwa ya unga usio na maziwa. Juu ya kila kifuniko aliweka jiwe. Alikuwa amekuja kutoka Kinangop mwaka wa 1986, mwembamba, mrefu, na mwenye tabia ya kuyajibu maswali baada ya kumaliza alilokuwa akifanya, hata kama ni kuchambua maharagwe ya gorogoro nzima, lile kopo la kilo mbili.

Mimi nilimfahamu mwanzoni mwa 1999, chuo kilipofungwa baada ya mgomo na tukaambiwa twende nyumbani tukatulie. Nyumbani kwetu Bungoma ni mbali na nauli sikuwa nayo, kwa hivyo nilitulia kwa shangazi yangu Nelima, aliyepanga vyumba viwili kwa Kuntai pamoja na mumewe Lazarus na watoto wao. Nelima alishona mashati katika kiwanda kimoja huko Athi River. Alitoka asubuhi kabla ya jua, akarudi na nyuzi za rangi tofauti zimemganda kwenye sweta, na ungeweza kujua kwa nyuzi hizo siku hiyo wameshona ya nani. Mimi nilikuwa na katoni mbili za vitabu na sina kazi, basi nikawa mtu wa kutumwa maharagwe.

Nilipenda kwenda mapema na kukaa pale kwenye benchi, kwa sababu Mama Kahiga hakunilazimisha kuongea. Siku moja jirani mmoja mgeni, aliyekuwa akipika kwa jiko lake mlangoni, alikuwa akipepea makaa kwa ufuniko wa katoni mpaka majivu yakaturukia. Mama Kahiga alimtazama kwa muda, kisha akasema huyo anamaliza makaa bure, maana maji yakishachemka yamechemka. Ukiongeza moto hayaongezi ukali, yanaondoka tu.

Nilikuwa nimesoma mwaka mzima wa fizikia ya joto ili kufikia sentensi hiyo. Nikajikuta nimefungua mdomo. Nikamweleza kwamba ni kweli, kwamba maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyakalia juu, na kwamba moto wote unaoongeza baada ya hapo unakwenda kutengeneza mvuke, si kuyapasha zaidi. Nikamwambia vitabu vinasema digrii mia moja, lakini hiyo ni ya pwani. Huku juu hewa ni nyepesi, mvuke haupati upinzani mkubwa, kwa hivyo maji ya Kitengela yanachemka yakiwa kwenye tisini na tano hivi. Kinangop, kulikoinuka zaidi, yanachemka hata chini ya hapo.

Alimaliza kuchambua sinia lake. Kisha akaniambia kwamba mwaka wa 1991 alikwenda Mombasa kwa harusi ya binamu yake, na maharagwe yakaiva upesi hadi akamshuku mwenyeji kuwa ameyanunua yamepikwa. Waliachana vibaya.

"Sasa hewa ya Mombasa ni nzito?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilidhani ni jasho."

Lile jiwe la juu ya kifuniko nalo nililipigia hesabu nilipofika nyumbani, kwa kalamu na karatasi, nikaona kwamba linaongeza joto la maji kwa sehemu ya kumi ya digrii, yaani haliongezi kitu. Lilichofanya ni kuzuia mvuke usiponyoke ovyo, basi maji yakakauka polepole na kuni zikadumu. Kesho yake nilimwambia. Akasema sawa, niliondoe mimi mwenyewe, halafu jioni niwaeleze wateja. Jiwe likabaki.

Kilichoyafanya maharagwe yake kuwa laini kilikuwa kitu kingine, nacho kilikuwa ndani ya mkebe wa maziwa. Maji ya kisima cha Kuntai, ambayo ploti yote iliyatumia, ni maji magumu. Yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika, sabuni haitoi povu, na chokaa iliyomo inakaza ganda la haragwe hata ulichemshe mpaka Krismasi. Mama Kahiga alipikia maji ya mvua yakiwepo, na yasipokuwepo alitupia kipande cha magadi, yale mawe meupe yanayotoka chini huko ziwani Magadi, katika wilaya yetu hii hii, ambayo shemeji wa Kuntai alimletea kwenye gunia akitokea upande wa Oltepesi. Hakuyaficha. Mkebe ulikaa rafuni, kila mtu akauona. Ila watu wakiona mkebe wa maziwa hufikiria maziwa.

Mwezi wa Januari chama cha akina mama wa ploti, chenye wanachama kumi na wawili, kilikutana kuamua mwaka huo watanunuliana nini. Mwaka uliotangulia zilikuwa blanketi, na kabla ya hapo seti za vikombe. Phylis, mwenyekiti, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya hata anapoomba chumvi, alisimama akatangaza kwamba wakati wa kuishi kama zamani umekwisha. Kila mwezi mama mmoja angepata sufuria ya presha: inafungwa kabisa, inapika maharagwe dakika ishirini, na wanawake wa Nairobi wote wanayo. Wakapiga makofi. Mama Kahiga naye alipiga makofi, maana angefanya nini? Mtu anayeuza maharagwe yaliyochemshwa hawezi kusimama mbele ya wanawake waliochoka na kuwaomba wasipumzike.

Kisha wakaulizana nani atakuwa akienda Nairobi kuzinunua, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kubishana bei kama yeye, wakamchagua kwa kauli moja. Kwa hivyo kila mwezi Mama Kahiga alifunga kibanda kwa nusu siku, akaenda mjini, akamtesa mwenye duka mpaka akapunguza, na kurudi akiwa amempakata adui yake mapajani, ndani ya katoni yenye picha ya mwanamke anayecheka.

Zamu zilipigiwa kura. Phylis alipata ya kwanza, Nelima ya tano, Mama Kahiga ya mwisho kabisa. Na chama kilikuwa na desturi yake: anayepokea chombo hukizindua mbele ya wenzake siku hiyo hiyo, akipika nacho, ili isije ikasemekana kimenunuliwa kibovu.

Katika katoni ya Phylis mlikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Akaniita mimi, mtu wa chuo, nikisome kwa Kiswahili mbele ya wote. Sipendi kusoma mbele ya watu, na ninapoogopa huwa siruki hata nukta. Nilisoma kila kitu. Nilieleza kwamba mvuke uliofungiwa unayakalia maji kama hewa nzito kuliko ya Mombasa, kwa hivyo hayachemki mpaka yafike digrii mia na kumi na zaidi, na ndiyo maana chakula kinaiva upesi. Hapo walinielewa na kufurahi. Kisha nikafika kwenye maonyo, ambayo yalikuwa kurasa mbili. Usifungue kabla mvuke haujaisha. Usijaze kupita nusu ukipika maharagwe. Usiache kitundu cha juu kizibe. Onyo la tisa lilisema usitie ndani magadi wala soda ya aina yoyote, kwani itaunguza alumini na sufuria itapoteza mng'ao wake na kuwa nyeusi.

Wakati wa onyo la tisa nilisikia mtu akivuta pumzi. Nilidhani ni Phylis akiuogopa weusi. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba Mama Kahiga alikuwa amekaa nyuma yangu.

Phylis alipika maharagwe kwa maji ya kisima. Filimbi ya mvuke ilipolia akina mama wote walisogea mlangoni. Baada ya dakika ishirini alifungua, na maharagwe yalikuwa yameshiba maji, yanang'aa, na magumu. Akarudisha dakika ishirini nyingine. Yakapasuka ganda, lakini ndani bado yalikuwa na moyo wa jiwe. Walilaumu maharagwe, kisha duka, kisha kwa heshima wakaanza kulaumu kijitabu huku wakinitazama mimi. Mama Kahiga alimaliza sahani yake yote polepole. Alipoulizwa anaonaje, alisema yanataka meno.

Angeweza kusema palepale kilichokosekana. Sidhani kuna haja ya kumtetea. Wateja thelathini wa jioni walikuwa wamesimama ndani ya sentensi moja fupi, na sentensi hiyo ilikuwa yake.

Miezi ikaenda. Sufuria ya pili, ya tatu, ya nne, zote zikazinduliwa, na kwa kuwa maharagwe yalikataa, wenye sufuria walianza kuzindulia nyama, ambayo ilikubali vizuri sana lakini ilionekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Baada ya hapo kila sufuria iliingia kwenye kabati la vioo pale sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, kati ya vikombe vya mwaka jana na saa ya ukutani isiyotembea. Zilipendeza. Mgeni alikaa kwenye kochi akajiona ndani yake akiwa mfupi na mpana. Na jioni wenye sufuria walichukua bakuli zao na kuvuka kwenda kwa Mama Kahiga kama kawaida.

Nelima ndiye aliyejaribu kuliko wote. Alipopata yake mwezi wa Mei alikuwa amepiga hesabu ya muda: kushuka kwenye gari saa kumi na mbili na nusu, maharagwe saa moja na robo, watoto kulala wameshiba. Alijaribu Jumatatu, akajaribu Alhamisi. Mara ya pili binti yake Cindy alilala juu ya daftari akingoja, na Nelima akaketi kwenye stuli akitafuna haragwe moja moja kutoka kwenye kijiko, kama mtu anayetafuta kosa kwenye mshono. Ijumaa akanituma na bakuli.

Mama Kahiga aliuliza mbona si mwenyewe. Nikasema amechoka, nikamweleza ya Cindy. Alipima vikombe viwili, kisha akaongeza cha tatu. Tangu siku hiyo bakuli la Nelima lilijazwa vikombe vitatu kwa bei ya viwili, na nilipomwambia shangazi, alisema Mama Kahiga anazeeka, anapoteza hesabu.

Chuo kilifunguliwa, nikarudi, na Desemba nikaja likizo. Ilikuwa zamu ya kumi na mbili.

Asubuhi ya Jumapili hiyo Mama Kahiga alinipa ndoo. Tanki lake lilikuwa limejaa maji ya mvua hadi mdomoni, nami nikainama kuchota.

"Hapana," akasema. "Nenda kwa Kuntai. Ya tanki yaache."

Nilisimama na ndoo yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu kizima, kuanzia onyo la tisa. Nilielewa pia mahali alipofika. Maharagwe yakiwa laini, wenzake watauliza kwa nini, na wateja thelathini watarudi makwao kupika. Yakiwa magumu, basi kwa mara ya kwanza tangu 1986 Mama Kahiga atakuwa amepakua maharagwe magumu mbele ya watu kumi na mmoja wanaomjua kwa maharagwe tu. Alikuwa ameamua kuliua jina ili aiokoe kazi. Nilileta maji ya kisima.

Akina mama walifika saa tisa. Walijipanga kwenye benchi na stuli za kuazima. Phylis aliomba, kwa ufupi kuliko kawaida yake kwa sababu joto lilikuwa kali chini ya mabati, kisha akakunja mikono.

"Mama Kahiga, leo ndio tutajua ukweli," akasema. "Yakikataa kwako, hakuna mwingine. Zote kumi na mbili zinarudi kwa yule mwizi wa Nairobi, na wewe ndiwe utampelekea."

"Na maharagwe tumpelekee," mwingine akasema. "Ayale mbele yetu."

Wakacheka. Mama Kahiga aliyamimina maharagwe, akamimina maji, akafunga kifuniko kwa mkono wa mtu aliyebeba kumi na moja kama hizo mapajani.

Nelima alichelewa. Kiwanda kilikuwa na oda ya Krismasi, kwa hivyo wiki hiyo hawakuwa na Jumapili. Aliingia akiwa na nyuzi nyekundu begani, akasalimia, akaketi mwisho wa benchi, na kabla maji hayajaanza kunguruma alikuwa amelala. Alilala akiwa wima, kichwa kimeegemea bati. Mapajani mwake, mikono ikiwa imelishika, palikuwa na bakuli. Alikuwa amekuja na bakuli lake. Alijua, kama sisi wote tulivyojua, jinsi uzinduzi utakavyokwisha, na alitaka baadaye apimiwe yale ya sufuria kubwa aondoke.

Mama Kahiga alilitazama lile bakuli kwa muda mrefu. Kisha akaiepua sufuria kabla filimbi haijaanza, akafungua kifuniko, akanyoosha mkono rafuni na kuuchukua mkebe wa maziwa. Alivunja kipande kidogo, kiasi cha ukucha, akakitupa ndani. Maji yakatoa povu jembamba. Akafunga tena.

Phylis aliuliza ameweka nini.

"Magadi."

"Na kijitabu kilikataza."

"Kijitabu hakijui maji ya Kuntai."

Ungeweza kuwaona wakirudi nyuma kwa mawazo, mwezi kwa mwezi, Novemba, Oktoba, Septemba, mpaka wafike kwenye ile sahani ya kwanza. Magadi waliyajua wote. Nusu yao waliyatia kwenye mrenda na kunde tangu utotoni. Ila waliona kwamba kitu kilichotoka dukani kikiwa na kijitabu hakiwezi kuhitaji jiwe la kutoka Magadi.

"Mwaka mzima, Mama Kahiga?" Phylis akasema. "Umetuangalia mwaka mzima?"

"Hamkuniuliza," akasema. Kisha baada ya kugeuza kuni moja, akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nami sikusema."

Filimbi ililia kwa dakika ishirini na hakuna aliyesogea mlangoni. Alipofungua, maharagwe yalikuwa laini kiasi kwamba yalishikana na mwiko. Wakaanza kuyala. Nelima aliamshwa, akapewa sahani, akaonja, akatazama sahani, akatutazama, nami nikamnong'oneza ya magadi, akaendelea kula kama mtu anayeogopa kuondolewa.

Sahani zilipokusanywa, Phylis aliinama akachungulia ndani ya sufuria mpya. Mahali maji yalipofika palikuwa pameingia weusi, kama chini ya birika la zamani. Alipitisha kidole. Hakikutoka kitu.

"Itang'aa tena?"

"Haitang'aa."

Sufuria ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka mwisho wa benchi, na kila aliyeichungulia alitikisa kichwa kama anavyofanya mtu kwenye matanga.

Jumatatu Mama Kahiga alipika nusu tu ya maharagwe yake. Alikuwa ameshapanga, aliniambia, kuuza viazi vya kukaanga. Kazi ya viazi haina siri. Nilikaa kwenye benchi nikamsaidia kuchambua yale machache. Kufikia saa kumi na mbili sufuria ilikuwa tupu, na foleni ilikuwa imefika kwenye lango la Kuntai. Phylis alikuwa wa nne, na bakuli lake. Alisema angependa sana kupika nyumbani, ila kabati lake ni la vioo mbele na pembeni, na kitu cheusi kingeonekana. Aliyemfuata alisema hivyo hivyo kuhusu lake. Mama Kahiga aliwaomba radhi kwamba yamekwisha, akaahidi kesho atajaza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akijikwaa kwenye jiwe la meko yake mwenyewe.

Alikuwa anahesabu foleni, nikaona. Si idadi, alikuwa akitafuta mtu. Nelima hakuwemo.

Ilikuwa kama saa moja kasorobo. Tulisimama mlangoni mwa kibanda huku wanawake wakitawanyika na bakuli tupu. Kutoka upande wa pili wa ukuta, katika vyumba vya shangazi yangu, ilianza kusikika filimbi, nyembamba, bila kukatika. Mama Kahiga alisikiliza huku akifuta mwiko kwa kitambaa. Aliendelea kusikiliza hata baada ya mwiko kukauka, kama dakika ishirini.

"Mwambie aitoe kwa moto sasa," akaniambia mwishowe. "Ikizidi hapo itakuwa uji."